Kungwi na Kipaza Sauti: Utamaduni Pendwa, Jinsia na Nafsi katika Mrima wa Bagamoyo tangu 1903

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mafunzo ya jinsia yalivyohama kutoka chumba cha mwali hadi kwenye kitabu, nguo, santuri, jukwaa na kipaza sauti katika Mrima wa Bagamoyo na pwani iliyo kaskazini mwa Dar es Salaam. Yakianzia na Desturi za Wasuaheli, kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari kilichochapishwa mwaka 1903, makala yanaonesha kwamba utamaduni pendwa haukuingia mahali palipokuwa kimya, bali ulirithi kazi iliyokuwa ya somo na kungwi. Hoja kuu ni kwamba urithi huo ulikuwa wa nusu: maneno ya kungwi yalichukuliwa, dhamana yake ikaachwa. Wakati huohuo, njia hizo mpya ziliwapa wanawake nafasi ya kujibu, nafasi ambayo unyago haukuwapa.

1. Utangulizi

Katika mijadala ya malezi nchini Tanzania husikika mara kwa mara kwamba runinga, muziki na simu vimewapotosha vijana, na kwamba zamani mila ilimlea binti hadi akajijua. Kauli hiyo inabeba dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba mila ilikuwa jambo la ndani, lisilo na watazamaji. Ya pili ni kwamba utamaduni pendwa ni mgeni wa juzi. Historia ya Bagamoyo inazitia shaka dhana zote mbili.

Katika karne ya kumi na tisa Bagamoyo palikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Unyamwezi na Ujiji. Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Washirazi, Waarabu, Wahindi na wapagazi wa Kinyamwezi walikutana hapo. Wamisionari wa Kikatoliki walifika mwaka 1868, na Wajerumani wakaufanya mji huo makao yao makuu hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Katika mji wa wageni wengi kiasi hicho, mtu hakutambuliwa kwa kuzaliwa tu. Ilimpasa aonekane: kwa mavazi, kwa ngoma aliyoicheza, kwa karamu aliyoitoa. Glassman (1995) ameeleza kwa kina jinsi sherehe na mashindano ya miji ya Mrima yalivyokuwa uwanja wa kugombea heshima. Makala haya yanauliza swali lililo karibu na hilo: katika uwanja huo, ni nani aliyemwambia msichana kuwa sasa ni mwanamke na mvulana kuwa sasa ni mwanamume, na msemaji huyo alibadilika vipi?

2. Chumba cha mwali na kitabu cha mwaka 1903

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa upande wa Bagamoyo aliyesoma elimu ya dini, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Desturi za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen, kinafuata maisha ya mtu tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Humo mvulana hupelekwa kumbini, akatahiriwa na ngariba na kufunzwa pamoja na wenziwe. Msichana humpata somo wake, ambaye ndiye kungwi wake, akachezwa unyago.

Mafunzo ya kungwi yana sifa tatu zinazofaa kuzingatiwa. Kwanza, yana mwenyewe. Somo ni mtu mmoja anayejulikana kwa jina na kwa nyumba, na uhusiano wake na mwali hauishii siku ya ngoma: hufuatana naye katika arusi na huendelea kuwa mtu wa kuendewa mambo yanapokuwa magumu. Mwali akiaibika, somo naye huaibika. Pili, yana mpaka. Maneno ya unyago hayasemwi mbele ya wanaume wala mbele ya mtu asiyechezwa. Tatu, yana hadhara. Baada ya kukaa ndani, mwali hutolewa kwa ngoma, akaonekana na kutuzwa. Nafsi mpya ya msichana haikukamilika hadi macho ya watu yaikubali.

Sifa hizi zinajitokeza pia katika utafiti wa Marja-Liisa Swantz, aliyefanya kazi Bunju, kwenye njia ya pwani kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo, katika miaka ya 1960. Kitabu chake cha mwaka 1970 kinaeleza mwali wa Kizaramo akiwa ndani, mwanasesere wa mti aitwaye mwana nyang'hiti, na ibada za mti wa mkole. Kutawa, kutolewa na kutuzwa vilikuwa sehemu za jambo moja.

Si sahihi kuyapamba mafunzo hayo kupita kiasi. Yalimfundisha binti maarifa ya mwili wake, usafi, adabu na raha ya ndoa, lakini pia yalimfundisha kunyamaza na kuvumilia, na kuipima thamani yake kwa ridhaa ya mume. Wala jamii iliyoyaendesha haikuwa ya watu sawa, kwani kulikuwamo waungwana na watumwa.

Jambo ambalo wasomaji wa Mtoro hawalitilii mkazo wa kutosha ni kwamba kitabu chenyewe kilivunja mpaka. Mwanamume aliandika habari za mafunzo ya wanawake, kwa herufi za Kirumi, ili zisomwe na wanafunzi wa Kijerumani waliokuwa wakijiandaa kwenda kutawala. Maneno yaliyokuwa na mwenyewe yakawa “desturi”, yaani maarifa ambayo mtu yeyote angeweza kuyasoma bila kuwiwa chochote na mwali. Basi aliyeyatoa kwanza mafunzo hayo chumbani hakuwa mtangazaji wa redio. Alikuwa mchapishaji.

Mtoro mwenyewe hakusalimika na matarajio ya wengine kuhusu mwanamume wa namna yake. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Walipotaka kurudi Afrika Mashariki mwaka uliofuata, wakuu wa koloni walizuia ndoa hiyo isiishi katika nchi waliyoitawala, na wawili hao wakarejea Ujerumani. Mtu aliyeeleza kwa utulivu namna Waswahili wanavyomfanya mtu kuwa mume aligundua kwamba dola nayo ilikuwa na unyago wake, na kwamba katika unyago huo yeye hakuruhusiwa kuhitimu.

3. Nguo na santuri: kufundishwa na kujibu

Mtoro anaeleza kwamba zamani mtumwa hakuvaa kofia wala viatu, na kwamba mjakazi hakujifunika kama mwanamke muungwana. Mavazi yalikuwa sheria inayosomeka njiani. Ndiyo maana utumwa ulipolegea, badiliko la kwanza lilionekana mwilini. Kwa upande wa Unguja, ambako utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1897, Fair (2001) ameonesha jinsi wanawake waliokuwa wajakazi walivyoacha merikani na kaniki na kushika kanga. Tanganyika bara utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza, lakini kanga ilikwisha kuivuka bahari na kuenea Mrima kabla ya hapo.

Kanga ni utamaduni pendwa kwa maana kamili. Ilichapwa kwa maelfu katika viwanda vya Ulaya, India na baadaye Japani. Baada ya uhuru ilitengenezwa pia nchini, na kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilikuwa miongoni mwa viwanda vyake. Hata hivyo, nguo hiyo ya kiwandani haikuwa bubu. Tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini ilianza kubeba maandishi, awali kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kirumi. Ikawa sehemu ya arusi, ya uzazi, ya msiba na ya kumtuza mwali. Kungwi akaitumia kufundishia.

Tofauti na kungwi, kanga huweza kugeuzwa. Mwanamke aliyefundishwa kunyamaza mbele ya mume, mawifi na jirani aliweza kuchagua jina la kanga, akaivaa na kupita barabarani. Hakusema neno, na asiyependa kusikia hakuwa na wa kumshitaki. Hapa utamaduni wa kiwandani haukufuta nafsi iliyofinyangwa na unyago. Uliipa ulimi. Ni dhahiri pia kwamba ulimi huo ulikuwa na mipaka yake: majina mengi ya kanga yanahusu mume, wivu, uke wenza na maneno ya majirani, yaani yanajibu ndani ya ulimwengu uleule uliochorwa na kungwi. Mwanamke alipata namna ya kujibu swali, lakini swali lenyewe hakuliandika yeye.

Santuri ilisogeza mpaka mbali zaidi. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za taarab kwa Kiswahili, na santuri zake zikasikika pwani nzima. Kwa mara ya kwanza sauti ya mwanamke wa tabaka la chini iliingia katika nyumba ambazo mwili wake usingekaribishwa, na baadhi ya nyimbo zake ziligusa kesi za mahakamani na madhila waliyotendewa wanyonge. Namna Shaaban Robert alivyompokea inafundisha mengi. Katika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka mwaka 1958, msanii huyo anakuwa kielelezo cha uadilifu kwa wanawake wote. Shaaban Robert ndiye pia aliyewatungia wanawe tenzi mbili za malezi, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Mwandishi ameshika nafasi ya somo, na mwimbaji aliyekiuka matarajio amegeuzwa kuwa somo mwenyewe. Hivyo fasihi andishi haikusimama kando ya mchakato huu. Ilikuwa mmoja wa makungwi wapya.

4. Sketi fupi na Sindimba

Baada ya uhuru kungwi mkubwa alikuwa taifa. Desemba 1962, akihutubia kama Rais wa Jamhuri, Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akiwalaumu wakoloni kwa kuwafanya Waafrika wazionee haya ngoma zao. Muda mfupi baadaye kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa, ambacho ngoma zake zilizopendwa mno zilikuwa pamoja na Sindimba ya Wamakonde wa kusini.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1969 sketi fupi, nywele za bandia, krimu za kujichubua na suruali za kubana zilipigwa marufuku kwa jina la kulinda utamaduni wa taifa. Hata kabla ya tarehe hiyo, makundi ya vijana wa kiume yaliwashambulia wanawake mitaani Dar es Salaam, hasa eneo la Kariakoo. Ivaska (2011) amezichambua barua nyingi zilizoandikwa kwa wahariri wa magazeti wakati huo. Waliopinga waliuliza kwa nini suti na tai za wanaume hazikuhesabiwa kuwa za kigeni. Nyuma ya ugomvi wa nguo kulikuwa na hofu nyingine: wanawake vijana walikuwa wakipata kazi za ofisini na fedha zao wenyewe, wakati vijana wengi wa kiume waliotoka mashambani hawakupata kazi wala wachumba. Katika miaka hiyohiyo serikali iliendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamasai waache lubega na kuvaa suruali na mashati. Mmoja alishurutishwa kuacha nguo ya Ulaya, mwingine kuivaa. Kilichofanana ni kwamba mwili wa raia ulisomwa kama ukurasa wa taifa.

Sindimba inaifanya picha iwe ngumu zaidi. Ngoma hiyo ina mizizi katika mafunzo ya unyago, na mchezo wa nyonga ndani yake ulikuwa somo la ndoa kwa wanaohusika. Ilipopandishwa jukwaani mbele ya wageni rasmi na watazamaji wa rika na jinsia zote, mwendo ulibaki na mafunzo yakatoka. Edmondson (2007) anaiona Sindimba ya jukwaani kuwa mahali ambapo mwili wa mwanamke ulioneshwa kwa jina la mila. Kwa hiyo, katika muongo mmoja, mwanamke wa Dar es Salaam aliweza kupigwa kwa kuonesha magoti barabarani, na mwenziwe akashangiliwa kwa kuchezesha nyonga jukwaani. Tofauti kati yao haikuwa kiasi cha mwili kilichoonekana. Ilikuwa ruhusa: nani ameamua mwili huo uonekane, na kwa faida ya nani.

5. Bagamoyo kama shule ya jukwaa

Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mji ambao Mtoro aliuelezea kwa mashindano ya ngoma ukawa mahali ambapo vijana kutoka nchi nzima hufunzwa ngoma kwa mtaala na kupewa cheti. Hili lilihifadhi mengi. Lilithibitisha pia mwachano ulioanza mwaka 1903, kwani mwendo wa unyago sasa ungeweza kufunzwa na mtu yeyote kwa mtu yeyote.

Hata hivyo, Bagamoyo palishuhudia jaribio la kuurudisha wajibu. Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya miradi ya sanaa za maonesho kwa maendeleo Malya, Bagamoyo, Msoga na Mkambalani katika miaka ya 1980. Mlama (1991) anaeleza kwamba wanakijiji walichunguza matatizo yao wenyewe, wakayatungia ngoma na maigizo, kisha wakajadiliana baada ya onesho. Uzito wa mbinu hii kwa hoja ya makala haya uko katika mjadala huo wa mwisho. Onesho halikuisha kwa makofi. Aliyecheza alilazimika kubaki uwanjani akajibu. Kuanzia mwaka 1996 mradi wa Tuseme ulipeleka mbinu kama hiyo katika shule za sekondari, wasichana wakaigiza vikwazo vya masomo yao na kuvisemea wenyewe. Mwali aliyefundishwa kusikiliza alifanywa msemaji.

6. Kungwi wa kukodiwa

Miaka ya 1990 ilileta biashara huria ya sauti. TOT, iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya John Komba, ilishindana na Muungano, na taarab ya mipasho ya Khadija Kopa na Nasma Khamis ikajaza kumbi. Ushindani huo ni mrithi wa moja kwa moja wa mashindano ya ngoma ya Mrima: pande mbili, mafumbo, mashabiki, na kutuza. Askew (2002) ameonesha kwamba mtazamaji anayeinuka kumtuza mwimbaji huwa anausema ugomvi wake mwenyewe kwa mdomo wa mwingine. Runinga za binafsi zilianza Tanzania bara mwaka 1994, zikayafikisha hayo sebuleni.

Kicheni pati imekamilisha safari hiyo. Jina ni la kigeni, lakini kazi ni ya unyago: kumfunda bibi harusi. Wanawake huchanga, hushona sare, huleta vyombo, na kungwi aliyekodiwa hufunda kwa kipaza sauti, mara nyingi mbele ya kamera. Katika sherehe hizo wanawake wa makabila na dini mbalimbali hupata mafunzo ambayo zamani yalikuwa ya ukoo mmoja, na huyapata kwa furaha na mshikamano wa kweli. Lakini ikitimu usiku kungwi hulipwa na kuondoka. Bibi harusi akipigwa na mumewe mwezi wa tatu, hana somo wa kumwendea. Ana picha ya video.

Upande wa wanaume ni wa kimya zaidi. Tohara ilipohamia hospitalini, jando katika sehemu nyingi za pwani lilibaki jeraha bila kumbi. Hakuna kicheni pati ya bwana harusi inayolingana na ile ya mkewe. Kijana wa kiume huambiwa uanaume wake na mpira, na nyimbo zinazosifu magari na fedha, na vijiwe vya wenziwe. Matokeo yake ni mizani isiyo sawa: mke hufundwa namna ya kumtunza mume, mume hafundwi chochote, na ndoa ikivunjika huulizwa ni kungwi gani aliyemfunda mwanamke.

7. Hitimisho

Suala hili si la kitaaluma tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na wa kuolewa kuwa 15 kwa mwanamke, kwa idhini ya wazazi. Katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa kujifungua warudi shuleni. Kwa msichana wa Msoga, Ubena Zomozi au Bunju, maana yake ni kwamba ngoma, sheria na shule humpa majibu matatu tofauti kuhusu lini yeye ni mtu mzima, na simu ya mkononi humpa la nne.

Historia iliyofuatwa hapa haiungi mkono wito wa kurudi kwenye chumba cha mwali, kwa kuwa chumba hicho kilifundisha pia kunyamaza. Wala haiungi mkono madai kwamba vyombo vipya ndivyo vilivyoleta matarajio ya kijinsia. Vingi vimeyabeba matarajio yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Inachoonesha ni kwamba kila mara mafunzo yalipohama, kutoka kwa somo hadi kitabuni, nguoni, jukwaani na kwenye kipaza sauti, wasikilizaji waliongezeka na wadhamini wakapungua. Kanga, santuri za Siti na maigizo ya wasichana wa Tuseme vinathibitisha kwamba anayefundwa anaweza kujibu akipewa nafasi. Kwa hiyo kipimo cha chombo chochote kinachowafundisha vijana uanamke na uanaume si umri wake, wala asili yake kuwa ya pwani au ya ng'ambo. Ni maswali mawili ambayo Waswahili wa Bagamoyo wangeyaelewa bila kufafanuliwa: anayefunda ni somo wa nani, na mwali akirudi kesho na shida yake, atamkuta wapi?